Nepi Juu ya Taa

Nyumba yetu ni chumba kimoja, na chumba hicho hicho ni studio ya picha. Uchovu wangu unaanzia hapo.

Wakati ule, kila asubuhi mume wangu alivuta pazia la bluu katikati ya chumba. Mbele ya pazia kulikuwa na kigoda cha wateja, kamera na mlango wa kutokea nje. Nyuma ya pazia kulikuwa na kitanda, ndoo za maji, dirisha dogo lenye nondo, mimi na watoto wetu pacha. Mteja alikaa kwenye kigoda akajiona yuko studio. Mimi nilikuwa nyuma yake hapo hapo, nafua nepi.

Mume wangu wanamwita Tulia. Ndilo neno lake. "Tulia hapo. Tulia, usipepese." Mtaa mzima unamwita hivyo, hata mama yake. Mimi naitwa Mama Pacha. Watoto wenyewe walikuwa wanaota meno, na wao hawakutulia kwa mtu yeyote. Huyu akilala, yule anaamka. Usingizi nilikuwa nausikia kwa majirani tu.

Siku moja Tulia alirudi kutoka duka la vifaa vya ujenzi na maboksi mawili. Alikuwa anacheka peke yake.

"Mama Pacha, njoo uone! Hatuhangaiki na giza tena."

Zilikuwa taa za halojeni, zile ambazo mafundi ujenzi huwasha wakipiga plasta ndani ya nyumba. Kila moja ilikuwa na globu nyembamba ndefu, kioo mbele yake, na wavu wa waya juu ya kioo.

"Hizo si za mafundi?" nikamuuliza.

"Mwanga ni mwanga. Taa za studio bei yake utakimbia. Hizi ni rahisi, na zinawaka kweli kweli."

Alisema kweli. Alipoziwasha, chumba kizima kiling'aa, mpaka nikaona buibui wote niliokuwa najifanya siwaoni. Moja aliiweka mbele ya mteja. Nyingine aliiweka pembeni, karibu kabisa na pazia, ili kivuli cha mteja kisionekane kwenye pazia. Zote mbili alizichomeka kwenye ekstensheni moja nyembamba, iliyobaki imekunjwa kunjwa sakafuni.

Picha zikawa bora, hilo nakubali. Wateja wakaongezeka. Lakini wavu wa waya ulitupa mistari ya kivuli kwenye nyuso za watu. Mwalimu mmoja mstaafu alitazama picha yake akasema, "Kijana, umenipiga picha nikiwa rumande?"

Tulia akachukua bisibisi. Akaondoa wavu, kisha akaondoa na kioo.

"Baba Pacha," nikamwambia, "aliyetengeneza hicho kitu alikuwa na wazimu, aweke kioo na waya bure?"

"Vimewekwa kwa ajili ya mafundi. Wao wanarusha nyundo. Hapa nani anarusha nyundo?"

Nilikuwa na mtoto begani na mwingine mgongoni. Mtu aliyechoka hukubali mambo mengi ili tu mazungumzo yaishe.

Mistari ikaondoka. Sasa ikaja shida nyingine: mwanga ukawa mkali mno. Mwalimu akarudi. Safari hii alilalamika kwamba pua yake inang'aa kama sufuria mpya. Tulia akawaza siku nzima. Jioni akaja kwenye kamba yangu ya nguo, akachukua nepi mbili nyeupe za watoto na vibanio vya nguo. Akazibana nepi zile juu ya taa. Mwanga ukapita kwenye kitambaa, ukawa laini. Hata mwalimu alitoka mzuri. Tulia alijisifu wiki nzima.

Mimi niliona vitambaa vyeupe juu ya taa, lakini sikujua ni nepi zangu. Nilijua tu kwamba nepi zinapungua kwenye kamba, halafu zinarudi na madoa. Doa la rangi ya chai, katikati. Nikasugua kwa sabuni. Nikaloweka. Nikaanika juani. Doa halitoki. Nikadhani tumbo la watoto limeharibika. Nikamlaumu Tulia kwa uji aliowapa.

"Uji wangu una nini?" akasema.

"Una doa!" nikamjibu. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata ugomvi wangu haukuwa na akili.

Pia kulikuwa na harufu, ile ya pasi iliyosahaulika juu ya nguo. Nilikuwa naamka kwenye kitanda, nanusa, nazunguka chumba, sioni kitu, narudi. Nilimwambia Tulia. Alisema ni jirani anapiga pasi. Jirani yetu huyo hana pasi, lakini hilo nililikumbuka baadaye.

Asubuhi ya siku yenyewe tulikuwa tunawapaka watoto mafuta. Mimi mmoja, yeye mmoja. Globu ya taa ya pembeni ilikuwa imekufa jana yake. Tulia akamaliza kumpaka mtoto, akafungua globu mpya, akaichomeka kwa vidole vile vile vyenye mafuta. Nilimwona. Sikujua kama kuna ubaya wowote.

Mchana watoto walilala wote wawili kwa pamoja. Jamani! Hilo halijawahi kutokea. Nikatembea kwa ncha za vidole. Nikachuchumaa kwenye beseni nikaanza kufua polepole, hata maji yasitoe sauti.

Nikasikia hodi. Aliingia mteja mwanamke. Kupitia uwazi wa pazia niliona buti kubwa nyeusi.

"Nataka picha ya kitambulisho cha kazi," alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka kuliko yangu. "Natokea zamu. Nipige haraka, nikalale."

"Karibu, afande. Kaa hapo. Tulia."

Alikuwa askari wa zimamoto. Akakaa. Taa zikawashwa. Tulia akarekebisha kamera, akarekebisha kola ya mteja, akarudi kwenye kamera. Muda ukapita. Halafu nikasikia yule dada ananusa.

"Nani anapiga pasi humu?"

"Hakuna, afande. Tulia, usipepese."

"Kaka, kuna kitambaa kinaungua."

Hapo hapo nikasikia mlio mkali, kama kikombe kimepasuka. Upande wangu wa pazia, chini, karibu na miguu ya kitanda, niliona doa la rangi ya machungwa kwenye ile bluu. Doa likafunguka likawa tundu. Tundu likawa na ulimi wa moto.

Watoto walikuwa kitandani. Dirisha lilikuwa na nondo. Mlango ulikuwa upande ule mwingine, na moto ulikuwa kati yetu na mlango.

Sitasahau hilo mpaka nife. Nilivuta watoto wote wawili, mmoja kwa mkono na mwingine kwa nguo, nikarudi nyuma hadi ukutani, na ukuta ndio ukawa mwisho.

Tulia alipenya nyuma ya pazia, akanyakua beseni langu la maji, akalinyanyua.

"Usimwage!" yule dada alipiga kelele. "Umeme kwanza! Chomoa! Chomoa!"

Hakumsubiri. Alichomoa plagi ukutani yeye mwenyewe. Akalishika pazia kwa juu, akalivuta lote likaanguka sakafuni, akalikunja juu ya moto na kulikanyaga kwa buti zake. Kisha akamgeukia Tulia, aliyekuwa bado ameshika beseni juu kama mtu anayetambika.

"Sasa mwaga. Hapo kwenye pazia tu. Usimwagie taa."

Akamwaga. Moshi ukatoka, kisha ukaisha.

Pazia lilikuwa halipo tena. Mteja aliona kila kitu: kitanda, ndoo, nepi, na mimi ukutani na watoto wawili wanalia. Sikuona aibu. Nilikuwa na hasira tu.

"Zitoke!" nikasema. "Baba Pacha, hizo taa zitoke nyumbani kwangu sasa hivi!"

Tulia alikuwa amechuchumaa. Alikuwa ameokota mabaki ya nepi. Katikati palikuwa peusi, na kuzunguka lile jeusi palikuwa na rangi ya chai.

Nikaitazama ile rangi. Ndipo nikaelewa.

"Kumbe ndilo doa langu," nikasema. "Wiki zote hizi nasugua moto kwa sabuni."

"Nilitaka mwanga laini tu," alisema Tulia. Akaketi sakafuni kwenye maji na kulia mbele ya mteja, mtu mzima na ndevu zake. Hasira yangu ikapungua, ingawa si yote.

Yule askari alifungua mlango wote ili hewa iingie. Kisha akakaa kwenye kigoda na kujipangusa uso.

"Nimezima moto usiku kucha," akasema. "Nikasema nipitie hapa nikae kwenye kiti, nipumzike."

"Pole, dada yangu," nikamwambia. "Pole sana. Na asante."

"Watoto wazima?"

"Wazima."

"Basi tumshukuru Mungu. Hebu tuongee, kabla sijalala nikiwa nimekaa."

Tulia akanyoosha mkono ili aitoe ile taa iliyopasuka.

"Shemeji, usiguse!" akasema yule dada. "Imezimwa, lakini haijapoa. Taa hizi hukaa na joto muda mrefu. Iache kwanza."

Tulia akarudisha mkono.

"Niambie. Kioo chake kiko wapi? Na ule wavu wa waya?"

"Nilivitoa. Vilikuwa vinaleta mistari kwenye picha."

"Kazi ya kioo ni kuzuia vipande vya moto globu ikipasuka. Pia kinapunguza mionzi inayoumiza ngozi na macho. Wavu unazuia kitu kisiegemee kioo, maana kioo chenyewe kinachoma. Leo globu imepasuka, vipande vimeangukia nepi, nepi ikaangukia pazia. Ingekuwa na kioo, vipande vingebaki humo humo ndani."

"Lakini kwa nini imepasuka? Ni mpya. Nimeiweka leo asubuhi."

"Uliishika kwa mikono mitupu?"

Tulia akanitazama. Mimi nikatazama chupa ya mafuta ya watoto.

"Alikuwa na mafuta mikononi," nikasema.

"Ndiyo hivyo. Hata bila ya kupaka, vidole vya mtu vina mafuta. Yakibaki kwenye globu ya namna hii, pale yalipo panapata joto kupita kiasi, na globu inapasuka. Ukitaka kubadilisha, chomoa taa, subiri ipoe kabisa, kisha shika globu kwa kitambaa safi kikavu. Ukiigusa kwa bahati mbaya, ifute kwa spiriti kabla hujaiwasha."

Akainama, akagusa ekstensheni sakafuni, akaniita niiguse. Ilikuwa na joto kama chapati iliyotoka jikoni.

"Taa zenu mbili zinakula umeme kama pasi," akasema. "Huu waya ni mwembamba, na mmeukunja. Waya uliokunjwa hauna pa kutolea joto. Tafuta waya mnene wa pini tatu, unyooshe wote, upite kando ya ukuta, mtu asijikwae akaangusha taa. Na kila taa ikae kwenye soketi yake, mbali na ya mwenzake."

"Na nepi?" nikauliza. Nilitaka Tulia asikie mwenyewe.

"Nepi zirudi kwa wenyewe," akasema yule dada. Kwa mara ya kwanza alitabasamu kidogo. "Shemeji, usiweke kitambaa wala karatasi juu ya taa hizi. Usiweke hata karibu. Huwa tunapima hivi: mtu mzima alale chini, anyooke, kati ya taa na kitu chochote kinachoweza kushika moto. Akigusa huku na huku, umesogeza mno."

"Sasa nitalainisha mwanga kwa kitu gani?" Tulia aliuliza, kama mtoto aliyenyang'anywa mpira.

"Hapo umenifikisha mwisho. Mimi najua joto. Mambo ya pua kung'aa ni yako."

Mlango ulikuwa wazi, na jua la mchana lilipiga ukuta mweupe wa jirani ng'ambo. Mwanga ukarudi ndani ya chumba chetu, ukamwangukia yule dada usoni. Ulikuwa mwanga mtulivu. Uso wake wote ulionekana vizuri, uchovu wake na kila kitu.

Tulia akamkodolea macho.

"Ukuta," akasema.

"Ukuta umefanya nini?" nikamuuliza.

"Jua halimpigi yeye. Linapiga ukuta, kisha linakuja kwake. Nikigeuza taa itazame ukuta wetu mweupe badala ya mteja, mwanga utarudi laini. Hata mistari ya wavu haitaonekana! Sikuwa na haja ya kutoa kitu chochote!"

Akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Ukuta wa tofali unafaa," akasema yule dada, "ila taa isiubane. Kipimo ni kile kile."

"Na mimi nina neno," nikasema. Nilikuwa bado nimewashika watoto. Mikono iliniuma lakini sikuweza kuwaweka chini. "Kitanda kinahamia mlangoni. Studio inakwenda ndani. Wateja watapita kwenye kitanda changu, na waone wanachotaka kuona. Wanangu hawalali tena ng'ambo ya taa."

Nilidhani Tulia atabisha kwamba studio gani hiyo ina kitanda mlangoni. Hakubisha.

"Sawa, Mama Pacha," alisema. "Kinahamia leo."

Yule askari aliinuka. Alituambia tuweke ndoo ya mchanga mahali pa kuifikia upesi, na tukiweza, mtungi wa kuzimia moto unaofaa kwa umeme. Alituambia taa izimwe kila mteja anapoondoka, na isiachwe ikiwaka bila mtu mzima chumbani. Akafika mlangoni, akageuka.

"Picha yangu je?"

"Njoo kesho, afande. Utapata bure."

"Kesho nitalala," akasema. "Nitakuja keshokutwa."

Siku hiyo tulihamisha vitu mpaka mgongo ukakataa. Kioo na wavu vilikuwa chini ya kitanda, vimezungushiwa gazeti. Tulia alivirudisha kwenye ile taa nzima. Iliyopasuka kishikio chake kilikuwa kimeungua, basi akaitupa. Tulibaki na taa moja. Aliipa stendi yenye miguu mipana, akafunga mfuko wa mchanga chini yake isipinduke. Akaigeuza itazame ukuta. Akalala sakafuni akanyooka, akapima. Akasogeza, akalala tena. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mwanga ulikuwa hafifu kuliko mwanzo, kwa hiyo aliweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu isitikisike. Neno lake likapata kazi kweli kweli: "Tulia." Picha za kwanza zilitoka za njano, kama watu wote wana homa. Akatafuta kwenye kamera ile alama ya globu ndogo, inayoiambia kamera kwamba taa ni ya namna hii. Njano ikaondoka. Watoto wachanga wa wateja hakuwaweka kwenye taa kabisa. Aliwapiga picha karibu na mlango, kwa mwanga wa nje.

Yule askari alirudi akiwa amelala vizuri. Akakaa, akanusa.

"Nanusa sabuni tu," akasema.

"Ni nepi," nikamjibu. "Ziko kwenye kamba."

Pazia lililoungua nililishona mimi. Tulia alitaka jipya, nikakataa. Nilipiga kiraka chini, mahali pa lile tundu, na kiraka kinaonekana. Nataka kionekane.

Lakini mimi nilikuwa bado silali. Watoto meno yaliota, wakaanza kulala vizuri, na mimi nikabaki macho. Nilikuwa najilaza nanusa. Nainuka, nagusa taa kama imepoa, nagusa plagi kama imechomolewa, najilaza. Tulia alikuwa ananiona. Kila jioni alichomoa taa akaniletea plagi mkononi, niione.

Alasiri moja watoto walikuwa kwa bibi yao. Tulia alitaka kupanga upya studio kwa ajili ya picha ya familia kubwa. Mgongo ulikuwa unamuuma.

"Mama Pacha, nisaidie. Nilalie hapo, tupime."

Taa ilikuwa imezimwa na kuchomolewa. Nikalala chini, miguu upande wa stendi, kichwa upande wa pazia. Sakafu ilikuwa baridi. Nikanyoosha mikono. Sikugusa taa, sikugusa pazia. Nikavuta pumzi ili ninuse, kama kawaida yangu. Hewa ilikuwa hewa tu.

"Inatosha?" Tulia aliuliza.

Sikumjibu. Nilikuwa nimelala.

Nililala mpaka jua likazama. Alinifunika shuka, akawarudisha wateja wote mlangoni kwa kidole mdomoni. Kabla ya hapo alinipiga picha, kwa mwanga wa mlango, bila taa. Aliitundika ukutani bila kuniuliza. Nimo sakafuni, mdomo wazi, na kile kiraka cha pazia kiko juu ya kichwa changu.

Wateja wanaitazama wakisubiri zamu.

"Huyu mama anafanya nini hapo chini?"

"Anapima umbali wa taa," Tulia anawajibu, na anawaeleza yote, tangu nepi mpaka ukuta.

"Mbona amefumba macho?"

Hapo naingilia mimi mwenyewe. "Nilikuwa nimechoka," nawaambia. "Na siku hiyo hakukuwa na kitu kinachoungua."